Daraja Lililokatazwa Kuyumba

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nasema mapema ili msihangaike kumtafuta miongoni mwa mawaziri na maprofesa, maana walikuwepo wengi wenye sifa zinazokaribiana na zangu. Niliwashinda kwa jambo moja tu: wao walikuwa na vyeo vya kulinda, mimi nilikuwa na kipaza sauti.

Jina langu la kazi ni MC Vifijo. Nashereheshea harusi, vipaimara, mahafali, na mara moja, kwa bahati mbaya, talaka. Nimewahi kupigwa na pande zote mbili za harusi moja, upande wa bwana kwa kuchelewesha chakula, upande wa bibi kwa kukileta. Tangu hapo nikajua kazi yangu ni nini: wakubwa wafurahi, chakula kitoke, nirudi nyumbani na meno yangu. Kwa hiyo Wizara ya Hisabati na Mshikamano iliponiita niendeshe Warsha Kuu ya Utafiti katika Nyanja za Juu za Hisabati Safi na Hisabati Tumizi, sikuuliza hicho ni kitu gani. Niliuliza mgeni rasmi ni nani.

Kama unatoka nchi nyingine, nikueleze kidogo. Kwetu watu hawatembei hovyo. Tuna Mwendo wa Umoja. Mguu wa kushoto, kofi. Mguu wa kulia, kofi. Na kwenye shughuli yoyote ya umma miguu yote hushuka pamoja. Watoto wetu hufundishwa mwendo kabla ya herufi. Ukikosea hatua, bwana mmoja mwenye miwani ya jua hukusogelea na kukuuliza kwa upole kabisa, "Una tatizo la miguu au la fikra?" Watu hujibu miguu. Ndiyo maana nchi yetu ina vilema wengi wanaocheza mpira vizuri sana.

Sheria ya Mwendo ina kifungu kimoja ambacho wakubwa hawakipendi ingawa walikitunga wenyewe: anayeamuru mwendo ndiye anayeutangulia, asije akasema baadaye kuwa hakuwepo. Wakubwa wakakitafutia dawa. Wakaajiri washereheshaji. Sisi tunaamuru, sisi tunatangulia, wao wanapunga mkono.

*

Wanahisabati wakaja. Nilitegemea watu wa kutisha, nikakuta watu wapole waliofunga vifungo vya mashati kimakosa, wanaochora kwenye karatasi za kupangusia mikono. Mlangoni walikaguliwa na Bwana Miwani, ambaye alitaka kila mmoja aeleze utafiti wake kwa maneno ambayo hayatamsumbua.

Mmoja alisema anachunguza namba zisizogawanyika. Bwana Miwani akamweka pembeni kwa muda. "Wilaya zimekubali kugawanywa, mikoa imekubali. Hizi namba zinajiona nani?" Mwingine alisema anashughulika na visivyo na kikomo. Huyo aliombwa kwa adabu arudi kwao, maana nchini kisicho na kikomo ni kimoja, na kina mwenyewe, na picha yake ilikuwa ukutani ikitutazama.

Ratiba ilikuwa nzuri sana. Asubuhi hotuba za ufunguzi, halafu hotuba za kushukuru hotuba za ufunguzi, halafu chai. Tafiti zenyewe zilipewa dakika chache chache kabla ya chakula, na mimi ndiye niliyeshika filimbi. Mtu alitumia nusu ya umri wake kwenye nadharia moja, nami nikampulizia filimbi kabla hajamaliza kutaja jina lake. Watu wakacheka. Nikaona kazi inakwenda.

Kilele cha warsha kilikuwa daraja. Waziri wetu, Mheshimiwa Shemwango, alikuwa amejenga daraja la waenda kwa miguu, Daraja la Mshikamano, lililoning'inizwa kwa nyaya za chuma juu ya korongo la Kizungwi. Lilikuwa refu, jembamba, na zuri kwa kweli. Ili hisabati imguse mwananchi, warsha ingefungwa kwa wote kuvuka daraja kwa Mwendo wa Umoja: watoto wa halaiki mbele, wanahisabati katikati, Waziri na kikosi cha askari mwisho. Ng'ambo kulikuwa na turubai, jukwaa na pilau.

*

Aliyeharibu mpango alikuwa Dakta Nakiete, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya mwalimu wa darasa lenye kelele. Alipanda jukwaani bila karatasi, ameshika ndoo ya maji aliyoitoa pale mlangoni tunaponawia mikono.

"Kaka Vifijo, nibebee hii."

"Daktari," nikasema kwenye kipaza sauti, "mimi na ndoo tuliachana zamani."

"Mtarudiana leo. Vuka nayo jukwaa kwa Mwendo wa Umoja. Usipunguze, usiongeze."

Nikabeba. Ukumbi ukanipigia makofi ya mdundo. Hatua za mwanzo maji yalitulia. Kisha yakaanza kwenda na kurudi, yakapanda ukingo mmoja, yakapanda wa pili, kila hatua yakipanda zaidi, kana kwamba kuna mtu ndani ya ndoo anayesukuma. Nilipofika mbele ya meza kuu yaliruka yakatua kwenye viatu vya Mheshimiwa Waziri.

"Ndoo si mbovu," Dakta Nakiete alisema, "na aliyebeba hakujikwaa. Maji yana kuyumba kwake. Hatua zikilingana na kuyumba huko, kila hatua inayaongezea nguvu. Aliyewahi kuchota maji anajua, yakianza kucheza unabadilisha mwendo. Sasa, lile daraja nalo lina kuyumba kwake. Nimelipima. Ni sawasawa na mdundo wa Mwendo wa Umoja. Wakipita watu kila mmoja na hatua zake, litabeba mji mzima. Ikipita halaiki kwa hatua moja, litafanya kama hii ndoo. Na mle ndani hamtakuwa na maji."

Ukumbi ukanyamaza. Nimeshereheshea misiba, naujua ukimya, lakini ule ulikuwa na meno. Waziri alikuwa akivitazama viatu vyake. Bwana Miwani akavua miwani, na ndipo tulipojua kuwa ana macho. Hata Profesa Ndibalema, mwenyekiti wa warsha, aliyekuwa amesinzia tangu sala ya ufunguzi, alifumbua jicho.

Hapo ndipo mjinga alipofanya kazi yake. Ukimya mbele ya wakubwa mimi huuogopa kuliko njaa. Nikadaka kipaza sauti.

"Mheshimiwa Waziri, hongera, leo umebatizwa na hisabati tumizi! Hisabati safi itakuletea taulo. Jamani, tumpigie Daktari makofi ya mvua!"

Wakacheka, jamani. Wakacheka kwa kushukuru, kama watu walioondolewa mwiba. Makofi ya mvua yakanyesha, nikapuliza filimbi, na onyo la Dakta Nakiete likazama humo. Alishuka bila kunilaumu. Alinitazama tu, jinsi fundi anavyoutazama ukuta uliojengwa na mtu mwingine.

*

Wakati wa chai waliitwa chumba cha pembeni, Waziri, Profesa na Daktari. Mimi nilikuwepo kwa sababu ndiye niliyekuwa nikifuta viatu.

"Daktari," Waziri alisema, "mimi sina tatizo na hisabati. Nina tatizo na jibu."

"Jibu silipangi mimi, Mheshimiwa."

Profesa Ndibalema akamshika bega. Ndiye aliyemfundisha tangu mwaka wa kwanza. "Nakiete, mwanangu, milinganyo yako mizuri. Ila mwishoni ina ukali. Ile namba huwezi kuisogeza kidogo?"

"Profesa, wewe ndiye uliyenifundisha kwamba namba haisogezwi."

"Nilikufundisha kabla sijawa mwenyekiti."

"Basi tusisogeze namba," Daktari alisema. "Tusogeze watu. Daraja halina ubaya. Waacheni wavuke kama watu waendao sokoni, huyu haraka, huyu polepole, huyu akisimama kufunga kiatu. Haigharimu chochote."

Kitambaa kikanikwama kwenye kisigino cha kiatu cha Mheshimiwa. Bwana Miwani, aliyekuwa mlangoni, aliingia taratibu na kufunga mlango nyuma yake.

"Kila mtu na hatua zake," Waziri alirudia, kwa sauti ya chini. "Mbele ya kamera. Daktari, unajua unachokiomba?"

"Naomba watoto wafike ng'ambo."

Waziri akavaa viatu vyake vyenye unyevu, tukarudi ukumbini kupitisha maazimio. Kwetu maazimio hupita kwa makofi, na yale ya siku hiyo yalipita kama kawaida. La kwanza lilimshukuru Waziri. La pili lilimshukuru tena. La mwisho Profesa alilisoma bila kuinua uso: "Warsha imejiridhisha kwamba Daraja la Mshikamano halitayumba, na endapo litayumba, litayumba kwa kufuata taratibu."

Makofi yakalia. Mikono ya Dakta Nakiete ilibaki mapajani. Bwana Miwani akainama sikioni kwake.

"Daktari, una tatizo la mikono au la fikra?"

"La fikra," akasema.

Bwana Miwani akabaki ameinama. Hakuna aliyewahi kumjibu hivyo, na swali linalofuata hakuwa amefundishwa.

Tulipokuwa tunatoka, Daktari alinivuta mkono wa shati. "Kaka Vifijo, ile halaiki ni ya shule gani?"

"Ya mwanangu," nikajibu kwa majivuno. "Mwanjaa yuko mstari wa mbele. Mama yake amemshonea soksi nyeupe."

"Na utawapigia mdundo?"

"Daktari, wanahisabati wote mmeshaazimia."

"Daraja halikuwemo ukumbini," alisema, akaniachia shati.

*

Nisikudanganye kwamba nilitembea kwenda korongoni kwa amani. Njia nzima niliiona ile ndoo. Lakini mdomo wangu una tabia ya kuendelea na kazi hata mwenyewe nikiwa sipo. Niliwasifu wageni, nikawataja wakubwa kwa vyeo vyao, utepe ukakatwa. Waziri akabaki ukingoni na askari wake. Mimi niliyeamuru mwendo nikatangulia.

Kushoto, kofi. Kulia, kofi.

Mbao za daraja ziliitikia vizuri, kama ngoma mpya. Nilikuwa natembea kinyumenyume ili niwaone watoto, nao walikuwa wamenyooka kama mishumaa, Mwanjaa akiwa wa kwanza kulia, ulimi umetoka kidogo kwenye pembe ya mdomo kama afanyavyo akikazania jambo. Nyuma yao wanahisabati walijikokota, lakini kwa hatua moja, maana Bwana Miwani alikuwa ukingoni akiwahesabu miguu.

Tulipokaribia katikati nilihisi kama mtu amenisukuma begani. Nikageuka. Hakukuwa na mtu. Nikasukumwa upande wa pili.

Daraja lilikuwa limeanza kucheza.

Kule ukingoni walilipenda. Nilisikia kipaza sauti cha Waziri kikitangaza kwa furaha, "Wananchi, daraja lenyewe linaitikia umoja wetu!" Watu wakashangilia, wakaanza kupiga makofi kwa mdundo uleule. Kila kofi likaja kama sukumizo. Nyaya zikaanza kulia, si kwa kishindo, kwa mlio mwembamba, kama mbu sikioni. Ubao ulikuwa ukinikimbia chini ya mguu kisha unarudi kuupiga. Chupa ya maji ya mmoja wa wanahisabati ilidondoka, ikaviringika upande huu, ikaviringika upande ule, ikapita chini ya kamba. Sikusikia ilipofika.

Watoto waliona. Macho yao yalikuwa makubwa. Lakini hakuna aliyekosea hatua. Hapo ndipo nilipoiogopa nchi yangu kwa mara ya kwanza. Daraja linawatupa huku na huku, na wao, kwa hofu, wanakaza mwendo zaidi, kushoto, kofi, kulia, kofi, maana ndicho tulichowafundisha kufanya mtu anapoogopa. Na mdomo wangu bado ulikuwa ukihesabu.

"Baba," Mwanjaa alisema. Hakulia. "Baba, tusimame?"

Kusimama ghafla watu wote wale, huku wa nyuma wakija, kungewarundika. Dakta Nakiete alikuwa akija kutoka katikati ya msafara, akipepesuka makusudi, hatua ndefu, hatua fupi, akishika kamba. Waya ulikuwa umemjeruhi kwenye paji la uso.

"Vunja mdundo," alisema alipofika. "Kila mtu kivyake. Mimi hawanisikii, wewe wanakusikia."

"Niwaambie nini?"

"Kazi yako hiyo. Wewe ndiye mshereheshaji."

Niwaambie watu wa nchi yetu watembee wapendavyo? Wasingejua kupenda kunaanzaje. Wangesubiri waambiwe wapende kushoto au kulia. Nilitafuta kichwani mwangu mahali popote nilipowahi kuwaona wananchi wenzangu kila mmoja na miguu yake, na nikapapata. Wakati wa zawadi. Kwenye harusi, ukifika wakati wa zawadi, hata Bwana Miwani huchezesha mabega.

Nikavuta pumzi.

"Sasaaa, wakati wa zawadi! Mashangazi wa bwana harusi, leteni kanga, mnakuja mkikata viuno! Wajomba, nyie mmelewa kidogo, mnayumba na ile kabati! Mstari wa pili, nyie ndio mabibi, magoti yanauma, polepole bibi! Maprofesa, mmebeba godoro, halipiti mlangoni! Mwanjaa, wewe ndiye mpambe, umedondosha pete, itafute!"

Kwa muda ulionifanya nizeeke hakuna kilichobadilika. Kisha Mwanjaa akainama kutafuta pete. Mtoto wa nyuma yake akamkwepa. Mmoja akaanza kukata kiuno, mwingine akajikongoja kibibi huku akilia na kucheka. Mwanahisabati wa namba zisizogawanyika alinyanyua godoro lisilokuwepo, akaanza kugombana na mwenzake juu ya upande wa kuligeuzia. Makofi ukingoni yakapotea njia. Miguu ikamwagika kwenye mbao kama mahindi kutoka kwenye gunia lililopasuka, na daraja, lililokuwa likisukumwa na watu wote upande mmoja, sasa likawa linasukumwa kila upande, halikujua limfuate nani. Likanung'unika. Likatulia.

Tulifika ng'ambo kama msafara wa walevi. Nilimbeba Mwanjaa ingawa hakuomba. Soksi moja nyeupe ilikuwa imechanika gotini, naye alikuwa bado anatazama chini.

"Baba, pete yenyewe sijaiona."

*

Hujamsikia Waziri aliyebaki upande usiokuwa na pilau. Sauti yake ikavuka korongo kupitia kipaza sauti.

"MC Vifijo na Dakta Nakiete! Mmevunja Mwendo wa Umoja hadharani, mbele ya watoto na kamera. Mko chini ya ulinzi."

Nilikuwa na kipaza sauti mkononi. Dakta Nakiete akakichukua. Mtu mmoja alikuwa akimfunga kitambaa kwenye paji la uso.

"Mheshimiwa, daraja limetaka kutumwaga."

"Limeyumbishwa na fujo zenu! Kabla ya fujo lilikuwa linaitikia. Mwenyekiti wa warsha yuko hapa nami. Profesa, liliyumba au halikuyumba?"

Profesa Ndibalema alikuwa ameahirisha kuvuka kwa sababu ya goti lililoanza kumuuma asubuhi ileile. Sauti yake ilikuja ndogo. "Kwa mujibu wa azimio, halikuyumba."

"Umesikia," Waziri alisema. "Warsha imejiridhisha. Nchi nzima imejiridhisha. Wewe peke yako ndiye unayejua?"

"Daraja nalo linajua."

"Nyamaza! Kikosi, jiandaeni. Vukeni mkawalete hao wawili hapa, sasa hivi."

Kikosi kikajipanga. Tuliyasikia mabuti kwa upande ule, mazito, yakigonga ardhi kwa pamoja. Askari wetu hawawezi kutembea kwa namna nyingine. Tangu kuapishwa wanafukuzwa kazi kwa hatua moja iliyopotea. Mstari wa kwanza ukafika kwenye ubao wa kwanza, ukasimama. Kamanda wao alilitazama daraja, akawatazama vijana wake, akamgeukia Waziri, akapiga saluti, akabaki na mkono kichwani. Akina mama waliokuwa wakipakua pilau waliacha miiko hewani. Mwanjaa alinishika kidole.

"Mnangoja nini?" Waziri aliuliza.

Dakta Nakiete alikisogeza kipaza sauti mdomoni, wala hakupaza sauti.

"Wanakungoja wewe, Mheshimiwa. Mshereheshaji yuko huku, kwa hiyo aliyeamuru mwendo ni wewe, na kifungu unakijua. Tangulia, wakufuate kwa hatua moja, sisi huku tutawapigia makofi."